Sura ya Tano: Kijaluba cha Rupia Kumi na Mbili

"Hiki cha Mjerumani," Bibi aliniambia kabla hata hajafungua kifurushi.

Tulikuwa barazani kwake Mikindani, nyuma ya Boma, saa kumi za jioni. Maji yalikuwa yamekupwa na ghuba imebaki tope jeusi mpaka kwenye mikoko. Nilishapiga hodi, nilishatoa shikamoo yangu, nilishapewa mkeka na kikombe cha chai ya mchaichai, na sasa tulikuwa tumefikia lililonileta. Kifurushi chenyewe kilikuwa mfuko wa rambo wa enzi zile kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku. Ndani ya mfuko kipande cha kanga, na ndani ya kanga kisanduku cha fedha, kimebanwa na mpira wa kufungia noti uliozungushwa mara mbili.

Kinaenea kwenye kiganja. Kona zake zimeviringwa, kifuniko kimetuna kidogo, na juu ya kifuniko mmea unatambaa: shina linajikunja, linatoa jani, linajikunja tena, linazaa ua la yungiyungi, mpaka huoni pa kuweka ncha ya sindano pasipo na nakshi. Msumari wa bawaba ulishapotea na mtu ameweka waya wa shaba mahali pake. Bibi alipouvua ule mpira, chini yake palikuwa na mstari mweusi tii, umekizunguka kisanduku kama kamba.

"Weusi huo hautoki," alisema. "Nimesugua kwa majivu, nimesugua kwa ndimu. Huku juu kote kunang'aa, huo mstari umegoma."

Habari ya kisanduku, kama alivyoipokea kwa mama mkwe wake, ni kwamba kiliokotwa bomani Septemba 1916, Wajerumani walipoihama Mikindani na Waingereza wakaingia. Sikushangaa. Ukiifuata pwani hii kuanzia Sudi hadi Msimbati, kila kitu cha kale cha chuma, shaba au fedha ni cha Mjerumani. Kila mwembe mkubwa una mali ya Mjerumani chini yake, na kila jiwe lenye mkwaruzo ni alama aliyoiacha ili wajukuu zake waje kuchukua vyao. Wapo waliochimba sebule zao wenyewe mpaka ukuta ukainama. Mjerumani alikaa hapa miaka isiyofika thelathini, na kwa jinsi anavyosifiwa kwa kuficha mali, sijui alipata wapi wasaa wa kufanya kazi nyingine.

Mimi nilikuja na mzani mdogo wa betri, kioo cha kukuzia, na rupia moja ya zamani mfukoni. Nikaomba ruhusa ya kukipima.

Kitu cha kwanza kutafuta ni muhuri. Ulaya ya karne ya 19 ilikuwa na mazoea ya kugonga mihuri fedha yake, na mihuri hiyo husomeka hata leo. Fedha ya Uingereza ina simba anayetembea, maana yake sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha halisi, na kando ya simba kuna alama ya mji ilikopimwa: nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London. Fedha ya Ureno ya kuanzia 1887 hadi 1937 ina kichwa cha nguruwe mwitu. Ya Ujerumani, tangu sheria yao ilipoanza kutumika mwaka 1888, ina mwezi mwandamo na taji la kifalme, na pembeni namba, mara nyingi 800. Pia kuna mtego. Ukikuta herufi EPNS, au neno alpaca, hapo una mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, pengine umepakwa fedha juu, pengine haukupakwa kitu. Wafanyabiashara waliuita mchanganyiko huo fedha ya Kijerumani, na jina hilo limewaponza wengi, kwa kuwa mchanganyiko wenyewe hauna hata chembe ya fedha.

Kisanduku cha Bibi hakina muhuri popote. Lakini kioo kilipofika ndani ya kifuniko, upande usiotazamwa na wageni, nikaona vidimbwi vidogo vya nyundo vimejipanga kimoja kando ya kingine, mfano wa matone ya mvua kwenye mchanga. Mashine haiachi vidimbwi. Hiki kilifuliwa na mtu aliyekaa chini.

Mtoto akatumwa kwa jirani anayeuza barafu. Tulivunja vipande viwili, kimoja tukakiweka juu ya kisanduku, kingine juu ya kijiko cha chuma. Hakuna metali inayopitisha joto kuliko fedha. Barafu ya kwenye kisanduku ilianza kutiririka papo hapo kama imewekwa kikaangoni, ilhali ile ya kwenye kijiko ilikuwa bado na kona zake. Watoto walishangilia, wakataka turudie. Tukarudia.

"Basi ni fedha," Bibi alisema.

Ni fedha. Nikakifuta maji, nikakiweka mzanini: gramu 140.

Kiswahili kina neno moja kwa madini haya na kwa pesa, na kwa watu wa pwani lilikuwa jambo moja kweli. Sarafu zilizopita hapa zilikuwa na thamani kwa sababu zilikuwa na fedha ndani yake. Kulikuwa na reale ya Maria Theresa, yenye uzito wa gramu 28 na sehemu 833 za fedha kati ya 1000, ambayo mpaka leo huandikwa mwaka 1780 hata kama imetengenezwa miaka mia na zaidi baada ya malkia huyo kuzikwa. Kulikuwa na rupia ya India, gramu 11.66, safi zaidi, sehemu 917. Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilipoanza kutoa rupia yake mwaka 1890, ilikuwa na akili ya kutobadili uzito wala usafi. Iliweka upande mmoja kichwa cha Kaiser Wilhelm wa Pili na kofia yake ya chuma yenye tai, na upande wa pili simba. Iliyobaki ilikuwa ileile rupia ambayo watu walikwishaizoea mkononi.

Uzito huo wa gramu 11.66 una jina lake: tola moja, kipimo cha masonara wa Kihindi. Kwa hiyo rupia ilikuwa pesa na jiwe la mzani kwa wakati mmoja. Mtu akitaka bangili, kikuku au kisanduku, alikwenda kwa sonara na sarafu zake. Zilihesabiwa mbele yake, zikatiwa kwenye kalibu, na kazi ilipokwisha alikipima kitu chake ajue kama kilichoingia ndicho kilichotoka. Ujira wa sonara ulikuwa shauri jingine. Ikitokea njaa au deni, kitu kilirudi kwa mzani kuwekwa rehani au kuuzwa, na fedha ikawa fedha tena. Benki ya mwanamke wa pwani ilikaa mkononi na shingoni mwake, na nyingine kwenye sinia ya wageni.

Gawanya gramu 140 kwa 11.66. Bibi alinitazama nikihesabu kwa simu, nikamwonyesha kioo cha simu: 12. Niliitoa rupia yangu mfukoni nikamwekea kwenye kiganja. "Kumi na mbili za hizi," nikamwambia. Aliipimapima mkononi kwa muda kabla ya kunirudishia.

Rupia 12 si kitu cha kupita haraka. Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba, na kwa watu wa mashambani ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Kisanduku hiki basi ni kodi ya miaka minne ya nyumba ya mkulima, imelala kwenye mkono mmoja. Kuna watu walioingia porini kuikwepa rupia ya kwanza kati ya hizo. Yupo na aliyezipata kumi na mbili, akaona anaweza kuzitoa kwenye mzunguko na kuzifanya ua la yungiyungi.

Zilitoka wapi? Mikindani ilikuwa mlango wa uwanda wa Makonde. Livingstone alishuka hapa mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara, na wakati huo biashara kubwa ya pwani hii ilikuwa watu na pembe. Mwaka 1873 Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari. Katika miaka hiyohiyo ya 1870 kikatokea kitu kipya juu ya uwanda: mpira wa mwituni. Mtu alikata mtambaazi wa porini, akakinga utomvu, akauviringisha ukawa tonge, na matonge hayo yalishuka kwa vichwa vya watu hadi Lindi na Mikindani. Mmoja wa mimea hiyo wataalamu waliupa jina la John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, ingawa aliyejua jinsi ya kuukata ni Mmakonde. Wahindi wa Mikindani walinunua mpira, walinunua ufuta, na rupia ikapanda kilima kwenda kukutana na tonge linaloshuka. Majumba ya mawe ya matumbawe yenye roshani za mbao, yale ambayo leo wageni huyapiga picha, mengi ni matunda ya biashara ya namna hiyo.

Hapo ndipo nilipomrudia Bibi na mpira wake wa noti. Mpira mbichi ni laini na unanata juani. Ili uwe na nguvu, kiwandani hupikwa pamoja na salfa, na salfa hiyo haitulii. Hutoka polepole, na ikikutana na fedha huzaa ule weusi. Mpira uliokinunua kisanduku, mpira mwingine unakila. Bibi alicheka mpaka akashika ubavu, akautupa ule mpira uani. Kuku akaukimbilia, akauacha.

Mikindani yenyewe nayo si mahali pazuri kwa fedha. Ile harufu ya yai viza inayopanda maji yakikupwa hutoka kwenye tope la mikoko, ambamo majani huoza bila hewa, na ni gesi yenye salfa ileile. Kuanzia ghuba ya Mikindani hadi mdomo wa Ruvuma, penye mikoko mingi kuliko pengine pote upande huu, kila kitu cha fedha kilicho kabatini kinavuta hewa hiyo mchana na usiku. Weusi wenyewe hauna ubaya mkubwa, ni ngozi nyembamba tu. Anayekiumiza kisanduku ni mtu wa majivu, kwa sababu kila anaposugua anaondoka na fedha kidogo, na kinachotangulia kuondoka ni nakshi. Kwenye kifuniko cha Bibi, kando ya kidole gumba kinapokaa, majani mawili yameshafutika yakawa kivuli.

Turudi ndani ya kisanduku, ambako hakuna aliyesugua. Kina kizuizi kimoja kinachokata sehemu ya pembeni, chumba kidogo cha kuingia kidole kimoja. Kwenye kona za chumba hicho kumeganda kitu cheupe, kigumu, na juu ya weupe kuna madoa mekundu ya rangi ya damu ya mzee. Bibi alinusa, akasema kabla yangu: "Tambuu."

Kisanduku cha tambuu, yaani kijaluba. Vijana wengi wa leo hawalijui neno hili, na uraibu wenyewe wanaujua kwa mbali, kwa hiyo niuseme. Jani la mtambuu hupakwa chokaa, huwekwa popoo iliyokatwa vipande, katu kidogo, na tumbaku kwa aliyeizoea, hukunjwa na kutiwa shavuni. Chokaa ndiyo inayogeuza mate kuwa mekundu, na chokaa ya hapa ilikuwa ni matumbawe yaliyochomwa, yaleyale yaliyojengea nyumba. Ilihitaji chumba chake ili isikaushe majani. Mgeni hakukaribishwa akakaa bila sinia ya tambuu kuletwa, harusi haikuwa harusi bila tambuu, na nyumba yenye uwezo ilitaka kijaluba kionekane. Labda kulikuwa na Bwana Shauri mmoja wa Kijerumani aliyekaa bomani akitafuna tambuu na kutema kwenye tasa. Mimi sijamsikia.

Mikono iliyokifua ni ya Kikachi, hilo nalisema bila kusita. Mmea unaotambaa bila kuacha nafasi, uliosukumwa kutoka nyuma ukatokeza mbele, ndiyo saini ya masonara wa Kachi, kaskazini magharibi ya India, na hasa mji wa Bhuj. Bati la fedha hulazwa juu ya lami ya moto, lami ikipoa inakuwa mto mgumu unaokubali kidogo, na sonara hugonga kwa patasi butu upande wa nyuma, hugeuza, hurudi kuchora mishipa ya majani upande wa mbele. Bingwa wao mwishoni mwa karne ya 19 alikuwa Oomersi Mawji wa Bhuj, aliyekuwa akigonga herufi OM kwenye kazi zake, na leo kazi hizo huuzwa minadani Ulaya kwa bei ambayo nikimtajia Bibi hatalala. Kachi na pwani yetu ni majirani wa msimu mmoja wa upepo. Jairam Shivji, aliyekodi forodha zote za Sultani wa Zanzibar, alitoka Mundra, bandari ya Kachi. Alipokwenda Mkachi wa forodha alifuata Mkachi wa duka, na alipofungua duka hakukosekana sonara.

Jirani wa upande wa kusini ana mkono tofauti kabisa. Vuka mdomo wa Ruvuma, fuata visiwa vya Quirimba, utafika Ibo, kisiwa ambacho watu wake husema Kimwani, lugha ambayo Mswahili akiisikia hugeuza shingo akidhani ameitwa. Masonara wa Ibo waliyeyusha sarafu za Wareno kama wetu walivyoyeyusha rupia, lakini wao huivuta fedha ikawa uzi, wakasuka uzi huo kama anayesuka ukili, ukawa ua unaopitisha mwanga. Baadhi yao wanafanyia kazi ndani ya ngome yenye umbo la nyota iliyojengwa na Wareno mwaka 1791, kwa koleo, kitaa cha moto na mrija wa kupulizia kwa mdomo. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga Ibo vibaya. Huku Mtwara tulitangaziwa tuhame mabondeni, tukakesha, kikapita kusini yetu. Baada yake wakaingia watu wanaokimbia vita vya Cabo Delgado. Kazi ya fedha pale inaendelea, na nikiulizwa nani wa kusaidiwa kwanza kwenye pwani hii yote, nitawataja wao.

Upande wetu kazi hiyo imekatika, na sababu mojawapo ni sarafu yenyewe. Waingereza walipoleta shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921 waliitia fedha robo tu. Ukiiyeyusha hiyo unapata kitu kinachofanana na sufuria. Reale na rupia za zamani zilibaki kwenye mitungi na vibindo, zikapungua, na baada ya Vita Kuu ya Pili bandari mpya ikajengwa Mtwara kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza 1947. Biashara iliihama Mikindani kwa umbali wa kilomita kumi tu, na kilomita hizo kumi zilitosha.

Sasa wamebaki wanunuzi. Huja kwa bodaboda, wawili wawili, wanaulizia rupia, saa za ukutani, vitasa, na "vitu vya Mjerumani". Wamefika kwa Bibi mara mbili. Wana mzani kama wangu na kichupa cha tindikali, na bei yao ni ya gramu, kana kwamba yungiyungi na shina na majani ni uchafu ulioganda juu ya madini. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ipo, inalinda hata milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940, na inataka kibali kabla kitu cha kale hakijatoka nchini. Mzani wa bodaboda hausomi sheria. Hadithi ya Mjerumani ndiyo inayowarahisishia kazi, maana mtu akishaamini kwamba kitu kilikuwa cha mgeni, haoni aibu kikiondoka na mgeni mwingine. Nilipomweleza Bibi kwamba huenda kijaluba hiki hakikuokotwa bomani bali kilikuwa cha nyumba yao tangu mwanzo, kwamba mama mkwe wa mama mkwe wake alikifungua mbele ya wageni kwenye baraza kama hii, alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama kinaweza kutiwa tambuu tena. Nikamwambia kinaweza, ila chokaa iwe kavu. Akaniambia tambuu siku hizi inapatikana Mtwara mjini kwa mtu mmoja tu.

Kwa hiyo, msomaji, kama kwenu kuna kijaluba, usikisugue. Kioshe kwa maji na sabuni kidogo, kikaushe, kiviringe kwenye kitambaa safi cha pamba, ukiweke mbali na gazeti na sufu. Muulize mwenye umri mkubwa nyumbani nani alikitumia, uandike jina hilo kwenye karatasi, nayo ikae humohumo. Kipime, ugawanye kwa 11.66, uone ni rupia ngapi. Na kama kimefungwa kwa mpira, ufungue leo.